Shajara ya Kutengeneza Rejeta ya Corolla Nyumbani, Buruburu

Jumamosi, 8 Machi

Gari langu ni Toyota Corolla ya 2004 yenye gia otomatiki. Alhamisi jioni, katika foleni ya Barabara ya Jogoo karibu na City Stadium, mshale wa joto ulipanda ghafla na mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti. Nilizima injini papo hapo, na vijana wawili waliokuwa kando ya barabara wakanisaidia kulisukuma gari hadi pembeni. Mmoja wao alikuwa tayari ameshika kitambaa akitaka kufungua kifuniko cha rejeta, kile chombo cha kupozea maji ya injini, nilimzuia. Maji ya rejeta ya moto yamebanwa kwa presha, na kifuniko kinapofunguliwa presha hiyo huondoka, maji yakageuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kumrukia usoni aliyefungua. Tulisubiri karibu saa nzima. Gari lilirudi nyumbani kwa kuvutwa kwa kamba, nalo limeegeshwa uani tangu siku hiyo.

Leo asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nimeanza uchunguzi. Kabla ya kuigusa rejeta nilitaka kujua kama injini yenyewe imedhurika, kwa kuwa hakuna faida ya kutengeneza rejeta ya gari ambalo gasketi yake ya hedi, inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua. Mafuta ya injini kwenye kijiti cha kupimia hayakuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara ya kuchanganyika na maji, na chini ya kifuniko cha kujazia mafuta hapakuwa na utando mweupe. Mafuta ya gia nayo yalikuwa mekundu na maangavu. Hili la pili wengi hulisahau: katika gari la otomatiki kama hili, mafuta ya gia hupitia kipoza kidogo kilichomo ndani ya tangi la chini la rejeta, na kipoza hicho kikitoboka, maji huingia kwenye gia na kuiua. Hasara yake huipita ile ya rejeta mara nyingi.

Nilijaza maji ya bomba polepole, lita tatu hivi. Tone la kwanza lilionekana chini upande wa kushoto, yakafuata mengine, kama mfereji usiofungwa sawasawa. Nikamwomba mpwa wangu, anayesomea ufundi wa magari na anayekuja kwangu mwisho wa juma, awashe injini huku mimi nikimulika kwa tochi. Baada ya dakika chache maji yalianza kupata presha, na hapo kidonda cha pili kikajionyesha: uzi wa maji mwembamba kama unywele, ukiruka kutoka kwenye tangi la juu la plastiki, ubavuni mwa shingo inayovaa mpira wa juu wa kupitishia maji. Tukazima.

Rejeta mpya, isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari, nimeulizia na kuambiwa shilingi 8,500. Si bei ya kuonea mtu. Hata hivyo sitaki kufunga rejeta mpya mahali ambapo ya zamani iliumia kabla ya kujua iliumizwa na nini, na ili kujua ni lazima niitoe. Ikishatoka, nitajaribu kuitengeneza.

Jumapili, 9 Machi

Kuitoa kulichukua saa mbili na nusu. Nilianza kwa kuondoa waya wa betri, kwa sababu feni ya gari hili ni ya umeme na sikutaka ijiwashe vidole vikiwa karibu nayo. Maji yaliyotoka kupitia kizibo cha chini yalikuwa ya kahawia, yana vumbi la kutu, wala hayakuwa na rangi yoyote ya kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Ina maana gari limekuwa likiendeshwa kwa maji matupu, na kwa muda mrefu. Hata hivyo niliyaweka kwenye mtungi uliofungwa, nikauandika. Kulanti ina sumu, na ladha yake ni tamu. Paka au mbwa akiilamba kwenye sakafu anaweza kufa, na uani kwetu paka hawakosi.

Mpira wa juu ulikuwa umegandana na shingo. Mpwa wangu alitaka kuuchokonoa kwa bisibisi, nikamwambia auchane kwa kisu kwa urefu wake na kuubandua. Mpira mpya hununuliwa. Shingo ya plastiki ikivunjika ndiyo imevunjika. Mabomba mawili ya mafuta ya gia tuliyaziba kwa vipande vya mpira vilivyofungwa kwa klampu, tukayatia alama kwa utepe ili yasije yakabadilishana wakati wa kurudisha. Baada ya hapo ni vishikio viwili vya juu tu, na rejeta ikainuka.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kazini jioni na kuketi na rejeta chini ya taa ya jikoni kwa saa mbili, bila kutengeneza chochote. Nadhani ndizo saa zenye faida kuliko zote kufikia sasa.

Rejeta ya gari la kisasa ina sehemu mbili zisizofanana kabisa. Katikati ni kifua cha alumini: mirija bapa iliyosimama, kwangu niliihesabu nikapata 68, na baina yake mapezi membamba yanayopeleka joto kwenye hewa. Juu na chini ni matangi ya plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo ndani yake. Alumini na plastiki haviunganishwi kwa moto. Kuna gasketi ya mpira kati yao, na ukingo wa alumini una meno mengi madogo yaliyokunjwa kulibana tangi. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba nyekundu na shaba ya njano, na fundi aliweza kuziba tundu kwa risasi ya kulehemu inayoyeyuka chini ya nyuzi 200. Alumini haikubali jambo hilo kwa wepesi: juu yake daima kuna utando mwembamba unaojijenga mara hewa inapoigusa, na risasi huteleza juu ya utando huo bila kushika.

Tundu la chini liko kwenye mirija miwili iliyokaribiana, sentimita kumi hivi kutoka chini. Haikupigwa na jiwe. Imesagwa, na makali yake yanang'aa kama chuma kilichopitishwa tupa. Nikachukua tochi, nikarudi kwenye gari, na mbele ya mahali hapo hasa nikakuta kichwa cha bolti ya kishikio cha kondensa ya kiyoyozi, nacho kinang'aa vivyo hivyo. Kisha nikatazama kikombe cha mpira ambamo pini ya chini ya rejeta hukaa upande wa kushoto. Hakikuwapo. Pahali pake mtu aliweka kipande cha tyubu kilichokunjwa, kikalika, na tangu hapo rejeta ilikuwa imelala upande mmoja, ikitikiswa na kila tuta hadi ikaifikia ile bolti. Kama ningefunga rejeta mpya bila kuona hili, nayo ingekwenda kusagwa mahali palepale.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ni mirija. Niliamua kutoibandika gundi juu ya matundu, kwa sababu makali yake yameliwa na kuwa membamba kama ganda la kitunguu, bali kuiondoa mirija hiyo miwili kazini moja kwa moja. Kati ya 68 itabaki 66, na upungufu huo rejeta inaubeba bila shida.

Kwanza nilitoa mapezi kuzunguka jeraha kwa koleo la mdomo mrefu, nafasi ya kama sentimita tatu kila upande, kwa utaratibu kama mtu anayechambua samaki miba, maana mrija wa jirani una ukuta usiofika nusu milimita na ncha ya koleo huutoboa bila mtu kuhisi. Nikakata kila mrija mbovu katikati, nikaziminya ncha zote nne zikawa bapa, nikazikunja juu yake zenyewe mara moja na kuziminya tena. Kisha msasa, hadi alumini ikawa nyeupe. Kisha kitambaa kilicholowa spiriti, mara tatu, hadi kikatoka safi. Gundi niliyotumia ni ile ya chuma ya sehemu mbili, inayochanganywa kwa vipimo sawa na inayostahimili zaidi ya nyuzi 200. Niliipaka mara tu baada ya msasa, ule utando wa alumini ukiwa bado mchanga, nikaisukuma ndani ya mikunjo kwa kijiti cha meno.

Maelekezo yanasema isiguswe kwa saa 24. Usiku wa Nairobi wakati huu wa mvua una baridi, na gundi ya aina hii hukomaa polepole mahali pa baridi, kwa hiyo rejeta imelala jikoni.

Jumapili, 16 Machi

Ufa wa tangi la juu una urefu wa sentimita nne, unaanzia kwenye pembe ambapo shingo inaungana na tangi. Mpwa wangu alikuwa ameona fundi akishona plastiki kwa moto, nami nikakubali tujaribu. Tulitoboa kitundu kidogo katika kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea, tukauchonga ukawa mfereji, tukazamisha wavu mwembamba wa chuma kwa pasi ya kulehemu, na juu yake tukayeyusha vipande tulivyokata kwenye kasha la feni iliyovunjika, lililoandikwa alama ya plastiki ya aina ileile. Ilionekana vizuri. Hata mimi niliipenda.

Kipimo tulichotengeneza ni hiki. Shingo ya chini tuliiziba kwa kipande cha mpira chenye bolti nene ndani yake, klampu mbili. Shingo ya juu tuliivika kipande kingine cha mpira chenye vali iliyotolewa kwenye tyubu ya gurudumu. Kifuniko cha rejeta tulikifunga mahali pake, kwani chenyewe ni vali ya usalama: presha ikizidi kiwango chake hufunguka na kuitoa kupitia bomba dogo la chupa ya maji ya akiba. Rejeta nzima tukaizamisha kwenye pipa la plastiki lililokatwa kwa urefu, tukaanza kupampu kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Hewa iliyobanwa si kitu cha kuchezea, na sikuwa na nia ya kupita baa 1 kwenye kipimo cha presha.

Kwenye baa 0.4 hapakuwa na kipovu hata kimoja, si kwenye mirija, si kwenye ufa. Mpwa wangu alipiga makofi. Lakini geji haikutaka kupanda tena. Alipampu, ikakaa palepale. Alipampu zaidi, ikakaa. Niliinama nikaona vipovu vikitoka mfululizo kwenye lile bomba dogo. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kilikuwa kinafunguka kwenye 0.4.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoelewa kwa nini gari lilichemka. Nairobi ipo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hufanya maji yachemke karibu na nyuzi 95, si 100. Kifuniko kizima cha 0.9 huongeza presha hadi maji yasichemke kabla ya nyuzi 115 hivi. Kifuniko changu kilichochoka kiliyaruhusu yachemke karibu na 105, na injini iliyo kwenye foleni ya Jogoo, ikiwa na maji yaliyopungua kwa tundu la chini, haioni 105 kuwa mbali. Mtu wa Mombasa mwenye kifuniko kibovu kama changu angekuwa na nyuzi nne au tano zaidi za akiba. Sisi wa huku juu hatuna. Kifuniko ambacho madereva wengi hukihesabu kama mfuniko wa sufuria ni nusu ya mfumo wa kupoza.

Nikaazima kifuniko cha jirani, ambaye gari lake ni la aina hii na halikuwa na safari leo. Tukapampu tena. Kwenye 0.6, kimya. Kwenye 0.75 ulisikika mlio mdogo kama wa mbegu inayopasuka, na mstari wa vipovu ukatokea kwenye ule mshono wetu, kutoka ncha hadi ncha.

Mirija haikutoa kitu. Gundi imeshika.

Najilazimisha kuandika jambo lililonitisha. Kama tungetosheka na 0.4, au kama tungejaza maji tu na kutazama kama yanadondoka, ningeirudisha rejeta hii garini. Mshono ungekaa vizuri kwa siku nyingi kwa sababu ya kifuniko kibovu, na siku ambayo ningebadilisha kifuniko kwa nia njema ndiyo siku ambayo ungepasuka. Plastiki hiyo imepikwa kwa maji ya moto kwa karibu miaka 20. Pande zote za ufa ni kavu, na hakuna mshono utakaoshika kwenye kitu kinachojivunjikia chenyewe. Tangi libadilishwe.

Jumatano, 19 Machi

Nimepita Barabara ya Kirinyaga saa nane mchana. Nilikuwa nimebeba tangi bovu kwenye picha na vipimo vyake kwenye karatasi: urefu, upana, kipenyo cha shingo, umbali kutoka shingo hadi mdomo wa kifuniko. Duka la tatu lilikuwa nalo, jipya, na gasketi yake, shilingi 1,600. Nilinunua pia kifuniko cha 0.9, mpira wa juu na wa chini, vikombe viwili vya mpira vya kukalia pini, na klampu. Muuzaji alinishauri nichukue kifuniko cha 1.1, akisema kina nguvu zaidi. Nilikataa kwa heshima. Kifuniko kinachozidi kipimo huhamishia mzigo wake kwenye plastiki, mipira na viungo ambavyo havikutengenezwa kuubeba.

Kutoka hapo nilikwenda Kariobangi kwa mzee mmoja ambaye kazi yake kwa miongo ni kufunga matangi ya rejeta. Sikwenda kumpa kazi. Nilikwenda kumwomba anionyeshe.

"Mwalimu, unataka kunyima vijana wangu chakula?" aliniuliza, kisha akacheka na kunivutia kigoda.

Alinifundisha mambo matatu ambayo nisingeyajua. La kwanza: jino lisinyooshwe kamwe likasimama wima, liinuliwe kiasi cha tangi kupita tu, kwani alumini iliyokunjwa na kukunjuliwa hugeuka ngumu na safari ya pili huvunjika. La pili: gasketi ilowanishwe kwa maji au kulanti, isipakwe mafuta wala grisi, maana mpira wake huvimba ukigusa mafuta. La tatu nililiandika kwa maneno yake.

"Jino moja likikatika, mwanangu, endelea. Yakikatika mawili yaliyokaa pamoja, hiyo rejeta iweke chini, usimdanganye mwenye gari."

"Na mwenye gari akiwa ni mimi, Baba?"

"Hasa ukiwa ni wewe."

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, kazi imefanyika barazani.

Kufungua meno kumechukua saa moja na dakika arobaini. Niliegemeza bisibisi bapa, niliyoifuta ncha kwa tupa ili isiwe na makali, chini ya kila jino, na kuliinua kidogo. Nikazunguka tangi lote. Nikarudi mzunguko wa pili nikiongeza kidogo tena. Mpwa wangu alikuwa akihesabu kwa sauti. Jino la kumi na tisa lilikatika. La ishirini nililigusa kama mtu anayegusa yai, likainuka zima. Upande wa nyuma lilikatika moja zaidi, mbali na la kwanza. Tangi likatoka kwa kuvutwa kwa mikono, na gasketi ya zamani ikabaki kwenye mfereji wake, ngumu na bapa, imegeuka kama kamba ya kiatu iliyokaushwa kwa jua.

Ndani ya vinywa vya mirija kulikuwa na magamba meupe na ya kahawia. Mtaa wetu hupata maji ya mfereji siku chache kwa juma, na siku nyingine tunatumia ya kisima cha kuchimbwa, yenye chumvi. Bila shaka hayo ndiyo yaliyomiminwa humu. Mirija mitano ilikuwa imezibwa karibu nusu. Niliijaza rejeta siki nyeupe iliyochanganywa na maji vuguvugu, nikaiacha kwa saa mbili, nikaisuuza kwa maji mengi. Sikupitisha waya ndani ya mirija, ingawa mkono ulitamani, kwa sababu waya hukwaruza na palipokwaruzwa ndipo kutu huanza. Magamba mengi yalitoka. Mirija miwili ingali na utando, na nimeukubali.

Mfereji wa gasketi ndio sehemu iliyohitaji subira zaidi. Niliusafisha kwa kipande cha mbao na kitambaa, nikapitisha ukucha kuuzunguka wote, na mahali palipokuwa na chembe ukucha uliisikia kabla ya jicho kuiona. Gasketi mpya ikalowanishwa, ikalala mahali pake bila kusokoteka. Tangi jipya likawekwa juu, na juu yake mbao mbili na vibano vinne vya fundi seremala, vikikazwa kidogo kidogo kwa zamu hadi tangi likaketi sawa pande zote. Bila vibano, nguvu ya kukunja jino la kwanza hulisukuma tangi upande wa pili na gasketi huponyoka.

Meno niliyafunga kwa koleo la kung'ang'ania, nililolipima kwa skrubu yake ili lisikaze kupita unene niliouona kwenye meno ya tangi la chini, ambayo hayajaguswa tangu kiwandani. Nilianza katikati ya upande mrefu, nikavuka upande wa pili, nikarudi, nikiendelea kuelekea pembe. Kwenye nafasi za yale meno mawili yaliyokatika, majirani yao niliyafunga kwanza na kuyakagua mara mbili. Hakuna jino lililokatika wakati wa kufunga.

Jumapili, 23 Machi

Kipimo cha pili, kwa kifuniko kipya. 0.4, 0.6, 0.8: maji kwenye pipa yametulia. Karibu na 0.9 kifuniko kilianza kutoa hewa kupitia bomba dogo, kama inavyokipasa. Tuliishusha hadi 0.85 na kuiacha dakika thelathini. Geji haikusogea. Nilizunguka na tochi nikitazama kila jino, nikatazama ile mirija miwili iliyokunjwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alasiri nilifungua kasha la themostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, kwenye injini ili nibadilishe gasketi yake, nikakuta kasha tupu. Fundi fulani, zamani, aliitoa. Hii ni desturi mbaya iliyoenea, na husimuliwa kama msaada: ati bila themostati maji hupita vizuri na injini haichemki. Kinachotokea ni kwamba injini hukaa baridi kupita kiasi barabara ikiwa haina foleni, ikala mafuta mengi na kuchakaa, na katika injini nyingi njia ya mkato ambayo themostati ingeifunga hubaki wazi, hivyo sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta wakati ambapo kupozwa kunahitajika zaidi. Nimenunua mpya yenye namba 82. Kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria jikoni pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kitu, na maji yalipochemka kipimajoto kilisoma 95, hakikupanda tena hata nilipoongeza moto. Mpwa wangu alikuwa hajaamini habari ya hewa ya Nairobi hadi alipoiona hiyo 95.

Jumamosi, 29 Machi

Kurudisha ni kutoa kinyumenyume, sitalieleza. Vikombe vya mpira vipya vimekaa, na kati ya rejeta na ile bolti sasa kidole kinapita. Hata hivyo bolti nimeigeuza, kichwa kikatazama mbele.

Nilichanganya kulanti na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, nusu kwa nusu. Barafu si tatizo letu, lakini mchanganyiko huo huongeza nyuzi kadhaa juu ya kiwango cha kuchemka na una dawa inayokinga alumini dhidi ya kutu, nayo dawa hiyo ndiyo ninayoihitaji baada ya kuona yaliyokuwa ndani. Nilichagua rangi moja na nitabaki nayo, kwa kuwa aina zisizopatana zikichanganywa huweza kuganda kama uji.

Kutoa hewa kulihitaji utulivu. Gari liliinuliwa mbele kwa kupandishwa kwenye mbao, kitasa cha joto la ndani kikawekwa mwisho, na kifuniko kikaachwa wazi injini ikiwa bado baridi. Nilimimina polepole huku mpwa wangu akiminya mpira wa juu kwa mkono, na kila alipominya, mapovu yalipanda na maji yakashuka. Iliingia lita tano na kidogo. Tukafunga, tukawasha, tukasubiri mpira wa chini upate joto, ishara kwamba themostati imefunguka. Ulipata. Feni ikawaka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Mafuta ya gia yalikuwa yamepungua kiasi cha kikombe, nikaongeza.

Jumapili, 30 Machi

Safari ya majaribio: Barabara ya Jogoo, katikati ya jiji, Waiyaki hadi Kangemi, kisha kupanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,000, kiyoyozi kikiwa kimewashwa makusudi. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kilionyesha kati ya nyuzi 86 na 93 njia nzima, na 97 mara moja, kwenye kilima, nyuma ya lori la mawe. Limuru nilisimama dakika ishirini nikiwa nimefungua boneti. Kulikuwa na unyevu kwenye klampu ya mpira wa chini. Niliikaza nusu mzunguko, nikaufuta, haukurudi. Jioni kurudi nilipita Jogoo saa ya foleni, kwa hiari yangu, na nilipofika City Stadium mshale ulikuwa katikati.

Jumamosi, 12 Aprili

Juma la pili limekwisha. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nimekuwa nikitazama chupa ya akiba, ambayo niliitia mstari kwa kalamu ya wino mzito siku ya kujaza. Siku nne za kwanza maji yalishuka chini ya mstari kwa upana wa kidole, hewa iliyobaki ikiendelea kutoka. Nikaongeza robo lita. Tangu hapo yamekaa kwenye mstari. Mpira wa juu hausinyai injini inapopoa, kwa hiyo kifuniko kinavuta maji kurudi kama kinavyotakiwa.

Leo nimelala chini ya gari na tochi. Gundi kwenye mirija ni kavu, haina ufa wala alama nyeupe pembezoni. Pini ya kushoto iko katikati ya kikombe chake. Tangi la zamani, lenye ule mshono wetu, mpwa wangu amelichukua kwenda nalo chuoni.